Gari la Turbo Lililokosa Pumzi Njia ya Kamina

Kila mmoja wenu ana nusu ya habari hii, na wengi mmeipata kwa Ngoy, ambaye hakuona mengi kwa sababu sehemu kubwa ya safari alikuwa mbele ya gari akitembea kwa miguu. Nimechoka kusahihisha vipande vipande kila ninapokwenda sokoni. Naandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitampa karatasi.

Ngoy ni mtoto wa baba yangu mdogo, na mwenyewe ni karani wa reli hapa Lubumbashi. Mchumba wake, Mwadi, alikuwa Kamina, binti wa mkurugenzi wa shule moja ya Kimethodisti. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, maana treni aliyokuwa apande Ngoy ilichukuliwa na askari, yeye na sanduku lake wakashushwa. Vita vilipozidi kushuka kutoka kaskazini, Papa Mkurugenzi, baba yake Mwadi, akatuma ujumbe kwa redio ya misheni: harusi ni Jumamosi saa nane mchana. Jumatatu yake familia nzima inapanda lori kuelekea Zambia, na binti asiye na mume ataondoka na baba yake.

Treni hakuna. Lakini mimi nilikuwa na gari. Kaka yangu wa Ubelgiji alinitumia gari jekundu lenye herufi tano za fedha nyuma yake: TURBO. Mnalijua, mmeliosha wote.

Lubumbashi mpaka Likasi

Tuliondoka Jumatano asubuhi tukiwa watatu. Mimi kwenye usukani, Ngoy kando yangu, na nyuma Tantine Dorika, dada wa baba zetu, aliyepakata trei ya mayai kwa ajili ya keki. Alikuwa amesikia kwamba Kamina hakuna yai hata moja tangu askari wajae mjini.

Mpaka Likasi kuna lami, na gari lilikwenda kama lililotumwa. Nilikanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi wake, Tantine akaomba dua.

"Mwalimu, punguza," alisema. "Hatuende kukamata mwizi."

Likasi tulikula bukari, ugali wetu, na samaki, nikajaza petroli ya madumu kando ya njia kama nilivyokuwa nikifanya tangu gari lifike. Muuzaji alinusa petroli yake mwenyewe akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayeonja mchuzi. Nami nikaridhika. Nasema hili kwa aibu, na mtaona kwa nini.

Likasi mpaka Lubudi

Lami iliisha, vilima vikaanza, na kwenye kilima cha pili gari likasahau kwamba ni la turbo. Nilikanyaga mafuta mpaka chini. Injini ilinguruma kwa uchungu lakini haikuongeza kitu. Mluzi ukanyamaza. Mtu aliyesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makaa alitufikia, akatembea sambamba na dirisha langu kwa muda, akatusalimu kwa heshima, akatupita.

"Shuka," nikamwambia Ngoy. "Tupunguze uzito."

Hapo ndipo alipoanza kutembea. Alifika juu kabla yetu, akakaa kwenye jiwe, akatungoja.

Tulipoanza kushuka upande wa pili, harufu ikaingia ndani ya gari. Ilikuwa harufu ya mayai yaliyooza, nzito, ya kukata pua. Mimi nilifungua dirisha. Ngoy, ambaye hajawahi kunyamaza, aligeuka nyuma.

"Tantine, samahani. Yale mayai ulinunua wapi?"

"Unasema nini?"

"Minyi siseme kintu. Nauliza tu."

"Mayai yangu iko muzuri! Nilichagua moja kwa moja, nikaangalia ku jua!"

"Lakini harufu iko mu gari, Tantine. Na mayai iko mu gari."

Tantine alinipiga begani nisimamishe. Alishuka, akachukua yai moja, akalipasua kwenye boneti mbele ya macho yetu. Kiini kilikuwa cha njano, kizima, kizuri kabisa. Kwa sababu boneti lilikuwa la moto kuliko nilivyodhani, yai likaanza kuiva palepale. Tulisimama watatu tukiliangalia.

"Sasa kula," alimwambia Ngoy. "Kula, halafu uniombe musamaha."

Ngoy alikula, akaomba msamaha. Tuliporudi ndani harufu ilikuwa palepale, na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza na mwenzake mpaka Lubudi. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumshuku.

Lubudi tulimpata fundi aliyeandika kwenye ukuta wake DOCTEUR MOTEUR, yaani Daktari wa Injini. Alifungua boneti, akasoma neno TURBO juu ya injini, akafumba macho kama aliyesikia msiba.

"Turbo imekufa," alisema.

"Umejuaje? Hujagusa kitu."

"Mwalimu, turbo zote zinakufa. Hii njo zamu yake."

Alitaka kuitoa. Namshukuru Mungu hakuwa na ufunguo wa nati zake. Badala yake alichomoa mpira mmoja wa hewa, akaufunga kwa kitambaa, akasema kuanzia sasa gari litatembea "kama gari ya muntu wa kawaida". Tulilala kwake. Mkewe alitupikia sombe ya majani ya muhogo iliyokuwa tamu kiasi kwamba nilimsamehe mumewe mapema, kabla sijajua alichokifanya.

Lubudi mpaka Luena

Alhamisi asubuhi gari liliwaka vizuri, likaenda vizuri mpaka mwisho wa mji. Kisha likawa bovu kuliko jana. Kwenye tambarare lilijikongoja. Penye mwinuko, hata wa kuruka chura, Ngoy alishuka bila kuambiwa. Baada ya muda Tantine naye akawa anashuka na trei yake kichwani. Mimi nikabaki peke yangu ndani, nikiwafuata jamaa zangu polepole kama mtu anayesindikiza maziko.

Njia ilikuwa na watu wengi, wote wakielekea tunakotoka sisi. Walibeba magodoro, masufuria, cherehani. Mwanamke mmoja aliyetoka upande wa Kabongo na watoto wake wanne alikuwa amekaa kando ya njia kuchoma bilazi, akatuita tule naye. Tantine alikaa chini kabla sisi hatujajibu.

"Munaenda wapi?" mama yule aliuliza.

"Kamina, mama. Ku ndoa."

Alitutazama mmoja mmoja, akatazama gari, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na watoto wakacheka kwa sababu mama yao anacheka. "Bantu bote banakimbia huku," alisema, "beye banaenda kule, na gari ya kusukuma, juu ya ndoa!" Kisha akajifuta machozi, akampa Ngoy kiazi kikubwa kuliko vyote. Tantine alimwachia mayai kumi. Alipoyahesabu yaliyobaki alisema keki si lazima iwe ndefu.

Tuliporudi garini Ngoy alitaka kuonyesha viatu vyake vya harusi, ambavyo alikuwa ameviweka sakafuni chini ya miguu yake. Akanyanyua kimoja. Sehemu ya juu ilikuja. Soli ilibaki sakafuni. Gundi ilikuwa imeyeyuka. Niliweka mkono pale kwenye zulia, nikautoa haraka: sakafu ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Mwalimu," Ngoy alisema kwa sauti ndogo, "gari hii inaungua chini."

Ningekuwa mtu mwenye akili ningejiuliza ni kitu gani kiko chini pale. Lakini nilikuwa mtu mwenye haraka. Luena, dereva mmoja wa lori alituambia petroli yetu ina maji. Tukamwaga tangi lote kwenye ndoo, tukachuja kupitia kofia yake ya manyoya, kazi ya saa tatu, tukairudisha. Maji hayakupatikana. Manyoya, ndiyo, na yote yakaingia kwenye tangi.

Luena mpaka Bukama

Ijumaa tulifika Bukama mchana, na nusu ya mwendo huo tulivutwa kwa kamba na trekta. Nilikuwa nimekata tamaa. Ngoy alikaa kwenye ukuta wa stesheni akitazama reli tupu. Treni ndiyo kazi yake na maisha yake, na siku ile aliyoihitaji hakukuwa na hata kiberenge.

"Kesho saa nane," alisema. "Hata nikikimbia sifiki."

Aliyemsikia alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali ya buluu ya reli, anayeitwa Chef Monga, yaani Mkubwa Monga. Alikuwa fundi wa breki za treni, na tangu treni zisimame alikuwa anakuja kazini kila siku kusafisha vyombo vyake na kurudi nyumbani.

"Minyi sijue gari," alitutahadharisha. "Gari iko treni yenye ilipoteza njia. Lakini nitauliza maulizo, mutajibu. Moja moja."

Alitoa daftari na kalamu. Alisikiliza kwanza habari ya Lubudi na ya Luena, kisha akauliza kama daktari.

"Gari inawaka bila shida?"

"Inawaka."

"Mafuta ukikanyaga kidogo inaenda, ukikanyaga sana inakataa?"

"Ndiyo hivyo."

"Ku mulima njo mubaya zaidi?"

"Kabisa."

"Chini kunakuwa moto?"

Ngoy akaonyesha kiatu. Monga akaandika: kiatu.

"Harufu?"

Tantine alitazama upande mwingine.

"Iko harufu ya mayai ya kuoza?" Monga aliuliza.

Tantine alisimama. Siwezi kuandika sura yake. "Papa," alisema, "rudilia tena. Sema kwa nguvu, hawa bawili basikie."

Alirudia, nasi tukasikia. Ngoy aliomba msamaha wa pili, mimi wa kwanza.

Monga akaomba kitambaa chepesi. Hakukuwa na kingine ila kile cheupe cha mfuko wa koti la harusi. Akamwambia Ngoy akishike nyuma ya bomba la moshi, nami nikanyage mafuta. Injini ilipiga kelele, lakini kitambaa kilitikisika kidogo tu, kama pazia la chumba cha mgonjwa.

"Munaona? Hii gari inavuta pumuzi, lakini hairudishe. Turbo iko kama feni, inazungushwa na moshi yenye kutoka. Kama moshi haina njia, feni inasimama. Turbo haikufa. Banaikaba shingo."

"Nani anaikaba?"

"Njo kwanza tupime. Bila kupima ni maneno ya Lubudi."

Alilala chini ya gari, akaligonga bomba kwa mpini wa nyundo kutoka injini kuja nyuma, akisikiliza. Karibu na injini bomba lililia wazi. Katikati, palipo na chungu kimoja cha chuma, likatoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Mbele kidogo ya chungu kulikuwa na kidude chenye waya, kimefungwa kama nati. Alikifungua, akaleta bomba jembamba la shaba na saa ya kupimia upepo wa breki za treni, akazifunga kwenye tundu lile, akaiweka saa juu ya kiti ambapo sote tungeiona.

Niliwasha. Mshale ulitikisika ukatulia karibu na sifuri. Nikakanyaga mafuta. Mshale ukapanda, ukaendelea kupanda, ukakataa kushuka.

"Zima!" alisema Monga. "Mu treni, mushale ukipanda vile ku njia ya kutokea, mushinisti mwenye kuiendesha anaruka inje."

Kisha akaondoa saa, akaliacha tundu wazi, akaurudisha mpira wa hewa ambao Docteur Moteur aliuchomoa. "Sasa jaribu." Nilizunguka stesheni mara moja. Moshi ulifoka kupitia lile tundu dogo, na gari likaruka mbele mpaka nikaogopa. Tundu la ukubwa wa kidole gumba lilikuwa limelirudishia nusu ya nguvu.

"Hapo," alisema Monga, akalipiga daftari lake kwa kalamu. "Ugonjwa iko mu chungu. Lakini kile chungu ni cha nini? Gari hii haina kitabu?"

Sasa aibu niliyowaahidi. Kitabu kilikuwepo. Kilikuwa kwenye kijisanduku mbele ya miguu ya Ngoy tangu gari lifike, kimeandikwa Kifaransa, na mimi hufundisha Kifaransa. Nilikifungua kwa mara ya kwanza siku ile, nikasoma kwa sauti: chungu kile kinaitwa pot catalytique, ndani yake kuna kitu kama sega la nyuki cha kusafisha moshi, na kwa herufi nzito, tena mara tatu: usitie kamwe petroli yenye madini ya risasi, maana risasi huliziba sega. Petroli ya madumu yetu yote ina risasi.

"Katoliki?" Tantine aliuliza. "Kaka yako alitutumia gari ya Katoliki?"

"Katalitiki, Tantine."

"Njo sababu ilikataa kuenda ku ndoa yetu," alisema, na hakuna kitabu kilichoweza kumbadilisha.

Nati za chungu zilikuwa zimeoza kwa kutu, basi Monga akalikata bomba kwa msumeno mbele na nyuma ya chungu. Alikinyanyua kuelekea jua, akachungulia ndani kama anayekagua bunduki, akanipa nami nichungulie. Hakukuwa na mwanga hata wa tundu la sindano. Sega lilikuwa limeyeyuka likawa jiwe la kijivu.

"Ningeweka bomba la kuunganisha," alisema, "lakini umeme ya kuchomea hakuna tangu vita. Mutaenda hivi. Itapiga kelele kidogo."

Tulimwuliza tumshukuruje. Alisema amekaa miezi mingi bila kupata ugonjwa wa kupima, na leo atakwenda nyumbani amechafuka.

Bukama mpaka Kamina

Monga ni mtu mkweli isipokuwa kwenye neno "kidogo". Tulipotoka Bukama Jumamosi alfajiri, moshi wa turbo ulitokea moja kwa moja chini ya miguu yetu bila kitu cha kuupunguzia sauti. Ndege walihama. Tuliongea kwa ishara. Lakini gari lilikwenda! Vilima tulivipanda kama tunashuka, na Ngoy alikaa ndani mwendo wote, akiimba wimbo ambao hakuna aliyeusikia, hata yeye.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya mji askari sita walikuwa tayari wamelala mtaroni tulipotokea. Nilizima haraka. Mkubwa wao, kijana wa Kivu kwa lafudhi yake, alinikaribia akiwa amenielekezea bunduki.

"Hii ni gari ya namna gani?"

Wenye hofu hutafuta maneno mafupi. Mimi nikatafuta maneno ya mwalimu. "Afande, gari hili ni zima, ila liliharibiwa na risasi."

"Risasi!" Wote sita wakarudi mtaroni. "Risasi za wapi? Nani amepiga?"

"Hapana, risasi za kwenye petroli!"

"Wameweka risasi kwenye petroli?"

"Ndogo ndogo, afande! Hazionekani!"

Walilizunguka gari wakitafuta matundu, na mmoja akalala chini, akaliona bomba lililokatwa, akapiga kelele kwamba limepigwa kweli na kipande kizima hakipo. Saa tano ikapita, saa sita ikagonga. Aliyetuokoa ni Tantine. Alishuka, akafungua sanduku, akalitoa koti la Ngoy, vile viatu ambavyo soli zake tulizifunga kwa waya, na mayai yaliyobaki.

"Baba," alimwambia yule mkubwa, "huyu anaoa leo saa munane. Weye uko na mama? Mama yako angesema nini?"

Alivitazama vile viatu. Kisha akaondoa mti wa kizuizi kwa mikono yake mwenyewe.

Kamina

Tuliingia mjini saa nane na robo. Sikuwa nimefikiria jambo moja: mji uliokuwa ukingoja kushambuliwa kwa wiki kadhaa ungesikia nini. Tulipokata kona ya kanisa, barabara ilikuwa tupu. Kapu la unga lilikuwa limeanguka katikati ya njia. Niliposimama na kuzima injini, ukimya ulikuwa wa kutisha.

Tuliingia kanisani. Hakuna mtu. Kisha nikaona kisigino chini ya benchi, halafu kofia, halafu kwaya nzima ya akina mama imelala kifudifudi nyuma ya madhabahu na majoho yao. Papa Mkurugenzi alikuwa chini ya meza ya sakramenti, miwani mkononi.

Mtu mmoja tu alikuwa amesimama, tena kwenye mlango wa pembeni: Mwadi, na gauni lake jeupe.

"Nilibaambia bainuke," alimwambia Ngoy. "Nilisema hii haiko tanki ya vita. Tanki haikawie."

Ngoy alitoa kitambaa kile kutoka mfukoni kujifuta macho, kikaacha masizi meusi usoni kutoka sikio hadi sikio, na hivyo ndivyo alivyofunga ndoa.

Ibada ilikuwa katikati pale askari wa mjini walipofika na lori kuutafuta mngurumo. Waliingia na bunduki zao, wakaona bibi harusi, wakavua kofia, wakasimama nyuma. Mchungaji hakuacha. Ngoy akajibu ndiyo, Mwadi akajibu ndiyo kwa sauti kubwa zaidi. Mwishoni, kama ilivyo desturi, mchungaji aliuliza kama kuna tangazo.

Komanda wa wale askari alinyoosha mkono. "Niko na tangazo moja. Ile gari, mutu asiiwashe tena leo. Watu wangu wamechoka kulala chini."

Papa Mkurugenzi, aliyekuwa hajanisemesha bado, aliinuka. "Maharusi watafika nyumbani namna gani?"

Komanda alitazama gari kupitia mlango, akatazama askari wake.

Basi mkiona picha ile ya harusi, mjue si mzaha. Maharusi wako nyuma, Tantine kati yao. Mimi niko kwenye usukani. Na nyuma, kushoto na kulia, askari kumi na wawili wenye bunduki mgongoni wanalisukuma gari polepole kwenye barabara kuu ya Kamina, huku kwaya ikiimba mbele na watu wakitoka majumbani mmoja mmoja kuona.

Aliyekuwa akisukuma upande wa dirisha langu alikuwa mdogo kwa umri kuliko Ngoy. Jasho lilimtoka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Na minyi niliacha muchumba," aliniambia.

Nikamwuliza atarudi lini kwao.

Alisukuma hatua kadhaa, macho kwenye gurudumu la mbele. "Papa," akasema, "shika usukani. Tunaenda mu mutaro."